Godoro la Baba Halina Kosa

Jumatatu, 4 Agosti

Mauza ameondoka. Kabeba sanduku, sufuria yake kubwa na mto wake mmoja, kaenda kwa mama yake Buguruni. Si talaka. Wala si ugomvi. Ni chafya!

Anasema hawezi tena kulala chumba kimoja na mimi. Napiga chafya nikiamka, napiga chafya nikitandika kitanda, nakoroma kwa mdomo kwa sababu pua imeziba, na macho yananitoka machozi hadi wageni wanadhani ananipiga. Tumeoana miaka ishirini na miwili, leo ndiyo chafya imekuwa nzito.

Masharti ni mawili. Kayasema mlangoni huku bajaji inamsubiri na dereva anasikiliza kila neno. Kwanza, nikapimwe, na huyo daktari aongee naye kwa mdomo wake mwenyewe, maana mimi hata nikimwambia kumekucha lazima achungulie dirishani. Pili, lile godoro la sufi litoke. Bila hivyo harudi.

Kupimwa, sawa. Godoro, hapana! Lile alilishona marehemu baba kwa mkono wake, kwa harusi yetu. Baba alikuwa fundi wa magodoro na mito ya sufi. Babu vilevile. Mimi nina duka la mito ya sufi hapa Kariakoo, na ubao wangu umeandikwa kwa rangi ya kijani: MITO YA MUHIDDIN, USINGIZI WA ASILI. Leo mtaa usikie kwamba Muhiddin kaugua kwa godoro lake mwenyewe? Nani atanunua?

Tena ng'ambo ya barabara yuko Abubakary, muuza mito ya sponji. Mimi nikipiga chafya tu, hata sijamaliza Alhamdulillah yangu, yeye anapaza sauti kutoka kwake, "Yarhamukallah!", mtaa mzima ugeuke kuniangalia. Dini imemruhusu, siwezi kulalamika. Anapata thawabu na wateja kwa mpigo mmoja.

Leo mama mmoja kashika mto wangu, kaubonyeza, kaupenda. Nikampigia chafya tatu. Akaurudisha taratibu, akavuka barabara.

Nia yangu basi ni hii: Mauza arudi, godoro libaki. Na mchawi wangu nimeshamjua. Ni udi wa Bi Zamda.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechunguza kisayansi. Bi Zamda ni mjane, mtu mzima, chumba chake kinatazamana na chetu nyumbani Mchafukoge. Kila magharibi anafukiza udi. Mimi napiga chafya alfajiri. Maana yake udi unasafiri polepole.

Mchana alipokwenda uani kufua, nimekichukua chetezo chake nikakiweka juu ya kabati langu. Sijaiba. Nimekitenga tu, kama wanavyotenga wagonjwa. Nafasi ya chini ya mlango nimeiziba kwa mito miwili ya zamani ya sufi. Wa tatu nitajifunika usoni, uchuje hewa.

Kesho nitaamka mtu mpya.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamka macho yamevimba, sioni hata kandambili. Ajabu kubwa! Udi haukufukizwa hata chembe.

Jibu nimelipata wakati wa chai: udi wa miaka yote umeshaingia ukutani. Nikamwendea Bi Zamda kwa adabu. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba udi wake unaniua, hata siku asiyofukiza. Akaniuliza nimejuaje kama jana hakufukiza. Nikamwambia pua imenieleza. Akanifuata hadi mlangoni kwangu akiniuliza tena. Hapo nikapiga chafya, kabati likatikisika, chetezo kikaniangukia kichwani na majivu yake yote.

Bi Zamda kainama. Kakiokota, kakipangusa, kaingia kwake. Baada ya dakika chache nikamsikia anaongea kwenye simu, na jina alilolitaja ni Mauza.

Alhamisi, 7 Agosti

Mauza kanipigia. Kasema nisipopimwa atakuja kuchukua na makabati.

Basi nimekwenda kwenye kliniki moja ya pua na masikio. Nesi kanipa tarehe ya wiki ijayo. Kanionya sana: wiki nzima kabla ya kipimo nisimeze kidonge chochote cha mafua wala cha aleji, kwa sababu vidonge hivyo vinazuia ngozi isivimbe, na majibu yanakuwa ya uongo. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba aniandikie na majina ya vidonge hivyo, nisije nikavimeza kwa bahati mbaya. Akanisifu. Kasema wagonjwa makini kama mimi ni wachache.

Kutoka pale moja kwa moja kwa Beno, yule kijana wa duka la dawa kona ya mtaa wetu. Nimevinunua vyote.

Mkono usipovimba, godoro limeshinda kesi!

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya kipimo. Nimemeza kidonge jana, kimoja asubuhi, na kingine nikiwa kwenye foleni, kwa usalama zaidi. Daktari ni msichana mdogo, Dk. Sitara. Kaniamkia shikamoo kwa heshima zote, nikamwitikia marahaba, kisha akanichoma mkono mara sita.

Kumbe kipimo chenyewe ni matone. Kila tone linawekwa kwenye ngozi na kuchomwa kidogo kwa ncha ya sindano, na pembeni anaandika kwa kalamu: mende, paka, nyasi, ukungu, vumbi la nyumbani. La sita hakulitaja. Tukasubiri. Mimi nilisubiri nikiwa nimelala, maana vile vidonge si mchezo.

Akaniamsha. Mkono safi, hata kipele kimoja! Nikasimama. Nikamwambia ampigie mke wangu sasa hivi amwambie kwamba godoro halina kosa.

Dk. Sitara yeye hakusimama. Akanionyesha tone la sita. Kasema hilo humvimbisha kila binadamu, mgonjwa na mzima, na huwekwa makusudi ili ajue kama kipimo kinafanya kazi. "Kwa hiyo, mzee wangu, ama umemeza vidonge, ama hapa nimemchoma marehemu."

Nikamwomba muda wa kufikiri ni lipi kati ya hayo mawili.

Kanipa tarehe nyingine, ya 26. Bila vidonge. Nesi aliyenisifu alikuwa mlangoni, kanitazama kwa huzuni kubwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Mauza kapiga simu kuuliza majibu. Nimemwambia ukweli mtupu: nimepimwa, na mkono haukuota hata kipele. Akashukuru Mungu, akasema sasa anataka kuongea na daktari. Nikasema daktari ana shughuli, atampigia jioni.

Beno kakubali kuwa daktari. Jina tumempa Theophil, lina uzito wa hospitali. Tumefanya mazoezi nyuma ya makabati ya dawa: sauti nzito, maneno machache, asicheke. Alianza vizuri mno. Kamwambia Mauza kwamba mumewe kapimwa kwa mashine kubwa, ni mzima, na godoro lake nalo ni zima.

Mauza akamshukuru. Akaomba aulize jambo moja tu, kwa vile amempata daktari: ile dawa ya kikohozi ya mama yake inywewe kabla ya chakula au baada? Beno akajibu baada ya chakula, kijiko kimoja, na asiwe na wasiwasi, chupa ya pili imeshafika dukani, amemuwekea chini ya kaunta.

Beno akauma ulimi, kachelewa.

Kisha Mauza akasema, Beno, mpe Muhiddin simu.

Aliyoyasema sitayaandika. Daftari hili huenda likasomwa na watoto wa watu.

Jumatano, 20 Agosti

Siku kadhaa sasa bila vidonge. Pua imekuwa bomba. Abubakary kahamishia kiti chake nje kabisa ili asikose chafya hata moja. Leo alichoka kuitikia, akawafundisha wauza soksi wa pale barabarani wamsaidie. Nikipiga chafya, naitikiwa na kundi zima!

Nimejipikia wali, umeungua chini na juu ni mbichi, jinsi ilivyowezekana sijui. Nimekula hivyohivyo, peke yangu, kwenye meza ya watu wawili. Nimemkumbuka Mauza. Basi, nimeandika. Nimekumbuka hata anavyoguna nikiacha taulo kitandani. Siku hizi naliacha makusudi, na hakuna anayeguna.

Nimejilaza kwenye godoro la baba kujifariji. Nimeamka machozi yananitiririka, na sijui yapi ya huzuni na yapi ya aleji.

Jumanne, 26 Agosti

Kipimo cha pili. Tone la sita limevimba, kwa hiyo mimi si marehemu. Paka, nyasi, ukungu, hakuna kitu. Mende kidogo. Lakini vumbi la nyumbani! Limevimba kama kalimati. Dk. Sitara kamwita nesi aje aone. Nesi kamwita mwenzake. Nimepitia mengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuitiwa watazamaji.

Daktari kanieleza taratibu. Tatizo ni utitiri wa vumbi. Nilidhani utitiri ni wa mabanda ya kuku! Kasema huu ni mwingine, vidudu ambavyo jicho halivioni, vinakaa kwenye magodoro, mito, mazulia na mapazia, vinakula ngozi yetu inayopukutika. Vyenyewe haviumi. Kinachonipigisha chafya ni kinyesi chao. Miaka ishirini na miwili nalala chooni kwa wenyewe.

Nikamuuliza kama sufi ndiyo yenye kosa. Kasema hapana, vinaingia godoro lolote, hata la sponji, likizeeka bila kuvikwa. Nilitaka kumbusu.

Kisha akanipa matibabu, na furaha ikaisha. Dawa ya kupuliza puani kila siku. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Zulia litoke, mapazia mazito yatoke. Godoro la zamani litoke, jipya livikwe mfuko mzito wenye zipu. Na nikitaka kukung'uta chochote, akung'ute mtu mwingine, na mimi nivae barakoa nikae mbali.

Halafu akampigia Mauza, kwa mdomo wake mwenyewe kama ilivyoagizwa. Wakaongea muda mrefu. Nikamsikia Mauza anacheka kule upande wa pili. Ni mimi anayechekwa, najua, lakini kicheko chake nilikuwa sijakisikia tangu aondoke, na nilitamani daktari asikate simu.

Mauza kasema ameridhika na kipimo. Limebaki godoro tu.

Alhamisi, 28 Agosti

"Hata la sponji." Maneno ya daktari hayo, siyo yangu! Asubuhi nimemwita fundi wa maandishi, kaniandikia ubao mpya: DAKTARI AMETHIBITISHA, SPONJI NAYO INA WADUDU. Adhuhuri Abubakary naye kashatundika wake: YETU HATUJAIPIGIA CHAFYA. Wapita njia wanapiga picha mbao zote mbili. Mito wananunua kwake.

Haidhuru. Nina mpango, na huu hauna dosari. Godoro nitalianika jua kali, nitalitwanga hadi utitiri wote uhame, kisha nitalivika mfuko mpya wa zipu. Mfuko umeshashonwa, wa buluu, una hadi lebo ya kiwandani niliyoibandua kwenye shuka. Mauza akija atakuta godoro jipya. Daktari kaagiza mfuko, mfuko upo. Kilichomo ndani ya mfuko ni siri kati yangu na marehemu baba.

Jumamosi nafunga duka, natoa chumba kizima nje.

Jumamosi, 30 Agosti

Haya ya leo lazima niyaandike.

Asubuhi nimefunga duka. Duka hili halijafungwa Jumamosi tangu mazishi ya baba! Nikakodi wapagazi wawili, wakatoa kila kitu: kitanda, kabati, viti, mapazia, zulia. Vyote barazani. Mikeka yote nikaitandaza mbele ya nyumba ipigwe jua. Wapagazi wakaenda zao. Godoro nikaliburuta uani, nikalisimamisha karibu na ukuta, nikaanza kulitwanga kwa mpini wa ufagio. Barakoa? Joto lile! Likapasuka pembeni, sufi ikatimka, vumbi lililotoka lina umri wa ndoa yangu. Macho yakafumba yenyewe. Kwa tahadhari nilikuwa nimemeza vidonge viwili vya Beno. Nikaketi nyuma ya godoro, kwenye kivuli, nivute pumzi kidogo. Usingizi ukanipitia.

Sasa haya niliyajua baadaye. Kwetu, chumba kikitolewa vitu nje na mikeka ikatandikwa mbele ya nyumba, ni msiba. Na hakuna anayeuliza nani kafa, ni utovu wa adabu. Unatoa pole, unakaa, jina utalisikia. Bi Zamda katoka sokoni kaona vitu nje, mimi sionekani, na anajua nilikuwa nakwenda hospitali. Akajifunga kanga akaanza kulia. Mzee Adamu wa msikitini kamkuta Bi Zamda analia, naye akaketi kwenye mkeka. Vijana wakamkuta Mzee Adamu ameketi, wakaenda kuleta turubai. Kariakoo wakaona duka limefungwa Jumamosi, wakafunga hesabu. Kila mtu alijua kwa sababu mwenzake anajua. Na Bi Zamda akampigia Mauza, akamwambia yale maneno ambayo kila Mswahili anajua maana yake: njoo nyumbani, usiulize.

Nimeamshwa na kilio. Nikachungulia pembeni ya godoro. Uani pamejaa wanawake, pilau iko motoni. Nikajua: maskini, Bi Zamda kafa! Roho ikaniuma sana. Chetezo hata sijamwomba radhi. Nikajipangusa nitoke nikalie na wenzangu. Mara nikamwona Bi Zamda, kainama, anakata vitunguu.

Ndipo nikasikia jina la marehemu. Muhiddin.

Mtu mwenye akili angetoka palepale. Mimi nikatega sikio.

Bi Zamda kasema nilikuwa mtu wa watu, na lile la chetezo lilikuwa utoto tu, kanisamehe. Akaingia Abubakary, kabeba mito ya sponji begani ya kukalia wafiwa. Hata msibani kwangu anatangaza biashara! Lakini akageuza ndoo, akaikalia, akalia kweli. Kasema hakuna atakayemchangamsha tena pale barabarani. Kasema sufi yangu ilikuwa safi. Kasema, na hapa nusura nitoke kumkumbatia, kwamba yeye mwenyewe nyumbani analalia mto wa sufi, alimtuma shemeji yake aje anunue kwangu asijulikane.

Kisha Mauza akafika. Kiatu mguu mmoja, mwingine umebaki njiani. Alilia hadi wanawake wengine wakanyamaza. Kasema, "Muhiddin wangu, nimekuua mimi kwa mdomo wangu! Nirudishieni mume wangu. Nirudishieni hata na godoro lake, nitalilalia!"

Nililia nyuma ya lile godoro. Naapa nililia. Sikujua kama napendwa kiasi kile.

Lakini pia nikapiga mahesabu. Hata na godoro lake! Uani mzima umesikia. Nimeshinda! Nikavuta pumzi ndefu nitoke kwa heshima. Pumzi ikavuta na vumbi.

Chafya ile sijawahi kupiga mfano wake. Godoro likaanguka mbele, puu! "Yarhamukallah," akaitikia Abubakary kwa mazoea. Kisha akaangalia ni nani aliyeitikiwa, akaruka ndoo. Wanawake wakatawanyika, wengine wakapitia dirishani kwangu. Nimejaa sufi nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni. Nasikia nilifanana na maiti aliyechoka kusubiri kaburi.

Mauza hakukimbia. Kanisogelea, kanishika uso kwa mikono miwili, kaupapasa. Kisha kavua kile kiatu kimoja akanipiga nacho kichwani. Kisha kanikumbatia, akalia upya.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema neno zuri la kukumbukwa. Nilichosema ni: "Umesema hata na godoro."

Akaokota kiatu.

Jumapili, 31 Agosti

Pilau ililiwa yote. Hakuna aliyeona sababu ya kuipoteza.

Leo nimesutwa. Bi Zamda na wenzake wamejipanga uani kwa sare, ngoma ya ndoo, vigelegele, na kanga zimeandikwa "Umezikwa mzima, ukifa atakuzika nani?" Sijui wamezipata wapi kwa haraka hivyo, au watu kama mimi ni wengi. Nilikaa kitako nikasutwa hadi mwisho. Wimbo ulikuwa na sehemu ya chetezo, sehemu ya Dk. Theophil, na kibwagizo cha chafya ambacho Abubakary alikuja kukiimba kwa hiari yake. Nilimuuliza habari za ule mto wa sufi nyumbani kwake. Kasema hajui nazungumzia nini, aliyoyasema aliyasema msibani.

Shauri la godoro nimelipeleka kwa Mzee Adamu. Nimemweleza kwamba Mauza ametoa ahadi mbele ya mashahidi, atalilalia. Mauza kasema ahadi ile alimpa marehemu. Mzee Adamu akafikiri, akasema haki ya marehemu huenda kwa mrithi wake, na mrithi wa Muhiddin ni mke wake, kwa hiyo ahadi amejiahidi mwenyewe na anaweza kujisamehe. Mauza akajisamehe palepale.

Nimeshindwa. Mkokoteni umekuja, umebeba godoro na zulia. Mauza kanisimamia hadi nimeapa mbele ya Mzee Adamu kwamba godoro lile halitaingia tena chumba hiki. Chumba hiki. Maneno niliyachagua mwenyewe.

Godoro jipya tumenunua kwa Abubakary, maana wengine walikuwa wamefunga. Kalileta mwenyewe, mlango wa mbele, akipiga hodi kwa sauti mtaa mzima usikie. Tumelivika mfuko wa buluu. Mauza kafua mashuka kwa maji ya moto, kanipulizia dawa puani kama mtoto. Sanduku lake liko pale lilipokuwa zamani.

Nimeacha taulo kitandani. Kaguna.

Jumatatu, 8 Septemba

Wiki nzima nyumbani bila hata chafya moja! Nalala mdomo umefungwa, naamka naona kandambili zote mbili. Bi Zamda anafukiza udi wake na mimi namsifia. Dk. Sitara kampigia Mauza kunijulia hali, siku hizi wanaongea bila mimi. Nakiri: yule msichana anajua kazi yake.

Ila dukani kuna jambo la kutisha. Kila baada ya chakula cha mchana napanda kule darini kwenye ghala, najipumzisha kidogo juu ya mgeni wangu aliyeletwa na mkokoteni. Nikishuka tu, chafya! Macho yanawasha, pua bomba, wateja wanavuka barabara, na kundi la wauza soksi linaitikia.

Nimechunguza kisayansi. Nyumbani sipigi chafya, dukani napiga. Na ng'ambo ya duka kuna nini? Sponji za Abubakary! Upepo wa mchana unatoka upande wake. Yeye hatakubali, lakini daktari kashasema, hata la sponji. Kesho nitaziba mlango wa duka kwa mito, na Beno kaniwekea vidonge chini ya kaunta.

Godoro silishuku hata kidogo. Nimelilalia kila mchana wiki nzima, kwa karibu kabisa, naweza kulitolea ushahidi.

Mauza kasema kesho ataniletea chakula dukani, na angependa kupanda darini aone kama pana nafasi ya kuweka vitu vyake. Hana habari! Nimeshalifunika vizuri, haliwezi kuonekana. Nimelifunika kwa lile zulia la chumbani, ambalo kwa bahati nzuri nalo sikulitupa.